Cron au taima za systemd: wanaoanza na Raspberry Pi tuwafundishe kipi kwanza?

Mtoa mada: Wakuu, nasimamia klabu ya kompyuta ya sekondari. Raspberry Pi 4 yetu, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, hunakili kazi za wanafunzi kwenye diski ya nje kila saa nane usiku, kwa mstari mmoja wa cron, programu ya Linux inayoendesha kazi kwa ratiba: 0 2 * * * (dakika 0, saa 2 kwa kuhesabu kuanzia usiku wa manane, kila siku). Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku tatu mfululizo, ukawa unarudi asubuhi. Cron haitazami nyuma: saa ikipita mashine imezima, basi. Siku ya nne kadi ya kumbukumbu ya Pi ikafa na kazi za siku tatu. Nililazimika kuwaeleza watoto wale, na iliniuma. Taima ya systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux) yenye mpangilio wa Persistent=true ingefidia kazi iliyopitwa mara tu mashine inapowaka, na Debian, Linux ambayo mfumo wa Pi umejengwa juu yake, inakuja na systemd tangu toleo la 8 la mwaka 2015. Nasema tuanze na taima.

Mchangiaji 1: Pole sana mwalimu, ila napinga. Cron ipo tangu toleo la 7 la Unix, mfumo wa kompyuta uliotangulia Linux, mwaka 1979, na mtoto anaishika upesi: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. Taima inataka faili mbili, moja ya ratiba na moja ya kazi yenyewe, kabla hajaona chochote kikitokea. Kazi zilizopitwa zina anacron, programu inayoziendesha mashine ikiwaka tena. Wanangu huangushwa na saa yetu ya Kiswahili: wanaambiwa saa nane usiku, wanaandika 8, kazi inakwenda saa mbili asubuhi.

Mchangiaji 2: Na hiyo Pi 4 haina saa yenye betri! Umeme ukirudi inaanza na saa iliyohifadhiwa mwisho hadi intaneti iisahihishe. Bando likiisha, mashine inadhani bado ni jana. Wekeni moduli ya DS3231, kisaa kidogo chenye betri. Pi 5 ina saa ndani, betri unanunua mwenyewe.

Mtoa mada: La saa nimelipokea, wiki hii natafuta moduli. Lakini hiyo 8, mwanafunzi akiandika amri ya systemctl list-timers, inayoorodhesha taima, anaona zimebaki saa ngapi, anajirekebisha kabla ya usiku. Cron hupeleka makosa kwa barua pepe, na Pi yetu haina programu ya barua.

Mchangiaji 1: Hapo kwenye list-timers umenishika. Ila umeme ukikatika katikati ya kunakili je? Taima huweka alama ya tarehe kazi inapoanza, anacron huiweka kazi ikiisha. Umeme ukirudi, taima yako itahesabu kazi ya usiku huo imeshafanyika.