Kutoka Moshi kwenda visiwa vya Tanga na Pangani kuangalia ndege wa baharini: naomba ushauri wa ratiba, boti na vifaa

Rau_Msituni (mtoa uzi)
Wakuu, salaam kutoka Moshi. Tuko watu saba, watatu wako Arusha. Tumezoea ndege wa msitu wa Rau na bwawa la Nyumba ya Mungu, ila wa baharini hatuwajui. Mpango wetu ni kuondoka Ijumaa kwa basi, Jumamosi ya pili ya Novemba tukodi boti moja tupite Toten, Ulenge na Maziwe, kisha Jumapili turudi. Je, inawezekana? Boti iwe ya aina gani? Darubini zetu ni 10x50, zinafaa? Na tuanze saa ngapi?

Bamvua
Mkuu, visiwa vitatu kwa siku moja hapana. Toten na Ulenge viko upande wa Tanga mjini, na Toten kiko ndani ya ghuba yenyewe. Maziwe kiko mbele ya Pangani, karibu kilomita 50 kusini. Zigawe ziwe safari mbili: nusu siku Tanga, siku moja Pangani. Mkikosa muda, acheni za Tanga mwende Maziwe. Toten ina magofu ya misikiti, makaburi na mikoko, mandhari yake ni nzuri sana, lakini makundi ya ndege mnayoyatafuta hukaa kwenye mchanga wa Maziwe.

Swali la muhimu kuliko yote hujaliuliza: Jumamosi hiyo mwezi utakuwa wa ngapi? Huku bara tunapanga kwa wikiendi, bahari haina wikiendi. Angalia kwanza mwezi mwandamo, ndipo ukate tiketi.

Rau_Msituni
Nimeangalia kalenda, utakuwa mwezi saba, yaani siku ya saba tangu mwezi kuandama. Hiyo ina maana gani?

Bamvua
Ina maana mtakutana na maji mafu. Siku hizo maji hayapwi sana wala hayajai sana, na asubuhi mtakayofika ndiyo saa ya kujaa. Miamba haitoki, chakula cha ndege hakionekani, na kupwa kutakuja alasiri wakati upepo umeshakaza.

Sogeza wiki moja, mwezi 14 hadi 16. Pwani ya Tanga siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yakajaa kabisa saa kumi hadi kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Linganisheni na jedwali la maji la bandari ya Tanga la tarehe yenyewe.

Sasa angalieni hesabu hii, maana hapa ndipo watu wa bara hukosea. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya kupwa na kujaa mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3.5, saa ya tatu peke yake inaongeza karibu sentimeta 90. Mkikuta maji yamepwa saa nne, hadi saa sita mchanga bado ni mpana na mtu anaona muda upo. Kati ya saa sita na saa nane unamezwa. Maziwe ilikuwa na miti ya mivinje hadi mmomonyoko ulipoimaliza, leo ni fungu la mchanga ambalo maji makubwa ya bamvua hulifunika. Hakuna pa kukimbilia. Saa saba wote wawe botini.

Mwongozaji_Sakina
Kuhusu ndege. Mtu aliyezoea korongo wa Momella hufikiri akifika karibu ndipo ataona vizuri. Kwenye fungu la mchanga ni kinyume. Maji yakipwa, chekeamwezi (ndege wadogo wa ufukweni) na wenzao hutawanyika kwenye miamba mbali na nyinyi. Maji yakianza kupanda, wote husukumwa kwenye kipande cha mchanga kinachobaki, wakajipanga bega kwa bega, vichwa vikielekea upepo. Hiyo saa moja, kama saa tano na nusu hadi sita na nusu, ndiyo ya kuhesabu na kupiga picha. Kaeni chini, mita 100 au zaidi, jua likiwa mgongoni. Wakianza kunyoosha shingo na kutembea, mmeshazidi, rudini nyuma. Ndege aliyetoka Siberia akirushwa mara tano kwa asubuhi anachoma mafuta aliyokuja kuyatafuta.

Novemba tazamieni buabua (tern kwa Kiingereza) wakubwa wa aina mbili. Tofauti ni mdomo: Thalasseus bergii ana mdomo wa njano ya limau na mwili mkubwa zaidi, Thalasseus bengalensis ana mdomo wa rangi ya chungwa na ni mwembamba. Wakikaa pamoja utaona mara moja, akiwa peke yake usikimbilie kusema. Shakwe wa kahawia mwenye kichwa cheusi na ncha nyekundu mdomoni ni Ichthyaetus hemprichii. Na yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi kama patasi ni Dromas ardeola, mla kaa. Huyo peke yake anatosha kuwatoa Moshi.

Darubini 10x50 ni nzito na botini zinatikisika mno. Tafuteni 8x42. Teleskopu ibaki kwenye mfuko hadi mshuke mchangani, na miguu yake mitatu muisuuze maji yasiyo ya chumvi jioni ileile, chumvi hula viungo vya alumini.

Fundi_Mashine
Boti: ombeni ya fiba yenye mashine ya HP 25 au 40. Ngalawa ni nzuri kwa watu wawili, siyo saba na mizigo.

Mafuta hesabuni kwa theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. HP 25 ya tu-stroku ikipigwa gesi yote hunywa kama lita 11 hadi 12 kwa saa. Kutoka Ushongo (kijiji cha pwani kusini mwa Pangani) hadi Maziwe wekeni dakika 45 mkiwa mmejaa, hivyo lita 9 kwenda, 9 kurudi, 9 akiba. Jumla 27, na oili mililita 540 kama mashine inataka 50 kwa 1 (petroli 50, oili 1). Oili ikipungua pistoni inakwama, ikizidi plagi zinajaa masizi.

Mashine nyingi hazifii baharini kwa ubovu, zinakufa kwa maji yaliyomo kwenye petroli. Maji hukaa chini ya dumu, boti ikirukaruka yanavutwa, mashine inakohoa na kuzima. Msimimine mafuta ya chini kabisa ya dumu, yaachwe vidole viwili. Kabla ya kuondoka ombeni kuona plagi mbili za akiba, spana yake, pini ya propela, kamba ya kuwashia, kasia, upo (chombo cha kuchotea maji yaliyoingia botini), na nanga yenye kamba ndefu angalau mara 5 ya kina. Nahodha asipoweza kuonyesha, tafuteni mwingine.

Mama_Ushongo
Wanangu, pandieni Ushongo, msitokee mdomo wa mto Pangani. Mtaondoka saa mbili maji yakiwa yanatoka, na mto unasukuma nje kukutana na upepo, mawimbi pale husimama wima. Ushongo hakuna hilo. Mtavuka kwa kivuko hadi Bweni kisha kusini, kwa hiyo lala Ushongo Ijumaa, msitegemee kuvuka asubuhi.

Ada ya hifadhi hulipwa kwa kontrol namba, ulizeni siku mbili kabla. Boti iwe na cheti cha TASAC (shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini) kinachoonyesha idadi ya abiria. Jaketi okozi livaliwe na kufungwa pale ufukweni, msiliweke chini ya kiti. Maji ya kunywa lita 3 kwa kichwa, Maziwe hakuna kivuli. Kasa bado hutaga pale, msitoboe mchanga kwa miti ya mwavuli.

Kilombero_Sokoni
Na Fungu Kizimkazi, lile la kusini mashariki mwa Unguja? Nasikia ndege huzalia huko.

Mwongozaji_Sakina
Ni kweli, wanazalia ndege wa bahari kuu Sula dactylatra na Anous stolidus, pamoja na buabua. Lakini ni bahari kuu, hakuna pa kujikinga, na kisiwa kiko karibu mita 3 tu juu ya maji. Haifai boti ndogo. Hata mwenye boti kubwa asishuke: ndege akiinuka, yai linabaki juani na dakika chache zinatosha kuliua. Mzunguke kwa mbali.

Rau_Msituni
Nimesogeza hadi mwezi 15, Ijumaa tunalala Ushongo. Mmoja wetu hutapika hata kwenye basi la Same.

Mama_Ushongo
Ameze dawa ya kichefuchefu saa moja kabla, akiwa amekula ugali kidogo, siyo tumbo tupu. Akae katikati ya boti kuelekea tezi (nyuma ya boti), upande ambao moshi wa mashine haumfikii, macho kwenye upeo wa bahari. Darubini asiiguse hadi mshuke.