Tupeane uzoefu: dalali wako wa nyumba ana cheti ama ana simu tu?

Msaka Nyumba: Nianze na yangu. Mwezi wa tatu nilikuwa natafuta nyumba ya vyumba viwili Bamburi, hapa Mombasa. Dalali akaniitisha mia tano ya kuoneshwa, na nauli ya tuktuk juu yangu. Nyumba ya kwanza tulimkuta mama yuwakaanga samaki, akashangaa kuliko sisi. Ya pili dalali mwenyewe alipotea njia. Ya tatu keteka, yule mtunza nyumba, kasafiri na funguo. Nikamuuliza amesajiliwa wapi, akacheka: "Kaka, nyumba yataka miguu, haitaki cheti."

Nikaenda kusoma. Kumbe hapa Kenya Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, tuko nayo tangu 1984! Kuna Bodi ya Usajili, na wakala halali huwa na cheti cha kufanyia kazi kinachotolewa upya kila mwaka. Nani hapa ashawahi kuoneshwa?

Mama Wawili: Mimi sijawahi. Mwaka 2017 marehemu mume wangu alinunua nyumba ya Kiswahili Majengo, vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani. Dalali alikuwa mtu mzima, kanzu imepigwa pasi, wala hakutwambia uongo. Alisema "nyumba ni yenu", na kweli nyumba ilikuwa yetu. Baada ya miezi minne akabisha kijana na kitabu cha risiti, ataka kodi ya kiwanja. Kiwanja gani? Kumbe tumenunua kuta na bati, ardhi ina mwenyewe. Nyumba bila ardhi, mzaliwa wa Mombasa ayajua haya tangu utotoni, lakini sisi twatoka Taveta. Wakili akauliza swali moja tu: "Mlifanya sachi ofisi ya ardhi?" Yaani, tuliangalia kwenye rekodi ardhi ni ya nani? Mume wangu akatazama chini. Kile kitabu cha risiti ninacho mpaka leo, na bado nalipa.

Kijana wa Tudor: Pole sana mama. Mimi nilituma dipoziti kwa simu, namba ikazimwa siku ya pili. Sina la kuongeza.

Wakala wa Mjini: Mimi nimesajiliwa. Nilisomea uchumi wa ardhi Chuo Kikuu cha Nairobi, miaka minne, kisha nikafanya kazi chini ya mkubwa wangu mpaka nikakubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Taasisi ya Wapima Ardhi. Hiyo ndiyo njia wanayoipita wengi, ingawa Bodi yaweza kukubali elimu nyengine. Jina la aliyesajiliwa limo kwenye daftari la Bodi, ulizeni kabla hamjatuma hata shilingi.

Lakini na nyinyi wateja! Nikiwaomba kitambulisho na mkataba wa maandishi mwasema nina maringo. Mwezi uliopita mmoja alinikimbia Nyali kwa sababu ya elfu mbili. Jana kanipigia, hajui pesa zake alimpa nani.

Dalali Likoni: Nimesoma yote na sijachukia. Sina cheti, nina miaka kumi na miwili kwenye kazi. Huyo mwenye digrii ajua kisima kipi Likoni kimeingia chumvi? Ajua ploti ipi ndugu wanne waigombania kimyakimya? Mimi najua, na huwaambia wateja. Niliishia darasa la nane. Sheria hii yanitaka nikae chuoni miaka minne ili nioneshe mtu chumba cha elfu sita. Wangeweka kozi ya miezi mitatu na mtihani, kama wa leseni ya gari, ningekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Wakala wa Mjini: Hapo sikupingi, ami. Sheria hii ni ya 1984, na mswada mpya wa kuidhibiti biashara hii ulipelekwa Seneti mwaka 2023. Ila chumba cha elfu sita ni kimoja, na ploti ya milioni tatu ni nyengine. Kwenye ploti utamfanyia sachi?

Dalali Likoni: Ploti mimi siuzi. Naogopa.

Mama Wawili: Laiti wa Majengo naye angeogopa.

Msaka Nyumba: Ami wa Likoni, una vyumba viwili vyenye maji matamu? Mia tano sitoi lakini.

Dalali Likoni: Njoo Jumamosi baada ya adhuhuri. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, na mia tano yako kaa nayo. Ukipenda nyumba ndipo tuzungumze.