Msililie Leta (serikali) sheria mpya ya taka, mkono unaotupa ni wenu

Ndugu zangu wa Bukavu, nimechoka, na leo sitapaka maneno mafuta.

Jana mvua ilipoanza tu, jirani yangu wa juu, hapa mtaa wa Kadutu, alitoka na ndoo. Mtu mzima, ana wajukuu. Akaangalia kushoto, akaangalia kuume, akamwaga mtaroni: maganda ya ndizi, mifupa ya samaki, pampasi za mtoto na sashe (mifuko ya plastiki) nyeusi zisizohesabika. Dakika kumi hazikuisha, vyote vilikuwa kwenye kizingiti changu, na maji machafu yameingia mpaka chini ya kitanda cha watoto. Nikapanda kumuuliza: "Papa, mbona unatutendea hivi?" Akanijibu bila haya: "Uliza Leta. Si ndiyo haileti gari la taka?"

Kila kitu Leta! Humu kundini pia, kila wiki kuna anayelilia sheria: ya sashe, ya kelele za baa, ya wanaokojoa ukutani. Ya sashe ipo! Amri ya waziri mkuu ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kuzitengeneza, kuziingiza, kuziuza na hata kuzitumia, Kongo nzima. Nenda soko la Kadutu ununue sambaza, vile visamaki vya ziwani, za faranka elfu moja, uone utafungiwa ndani ya nini. Na nyinyi mnaotaka faini, mnajua vizuri itaishia mfukoni mwa nani. Mama muuza nyanya ndiye atakayelipa, bila risiti.

Kuna kitu kinaniuma zaidi. Rwanda walipiga sashe marufuku mwaka 2008. Mtu wetu akitaka kuvuka mto Ruzizi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, anatoa vitu vyake kwenye sashe, anavipanga kikapuni, hanung'uniki. Jioni akirudi, hatua chache tu upande wetu, anafungua biskuti na kuangusha karatasi chini. Mtaniambia fimbo ndiyo inafanya kazi. Mimi naona kumbe anaweza! Mikono ni ileile.

Na taka hizi haziishii kwangu. Zinateremka na mto Kawa mpaka ziwa Kivu, ziwa linazisukuma hadi pale Ruzizi inapotokea, zinakwama kwenye bwawa la Ruzizi ya kwanza, lile linalotoa umeme tangu 1958. Kuna watu wanapiga mbizi pale kuzitoa kwa mikono ili mitambo isizibe. Mtu anashuka ndani ya maji yale kuondoa pampasi uliyomwaga wewe! Halafu umeme ukikatika usiku, unatoka kibarazani kuitukana Leta.

Sisemi Leta haina deni. Mahali pa kupeleka taka hatuna, na nyumba zimejengwa mpaka juu ya mitaro, maofisa wenye mihuri wanaona. Hilo na tulidai, nami nitakuwa mbele. Lakini kungoja mvua ili ummwagie jirani, hakuna waziri aliyekufundisha. Mimi nauza makaa, pesa ni ya kuhesabu, lakini gunia langu la taka linakaa nyuma ya nyumba mpaka vijana wanaobeba wapite, nawalipa.

Papa wa juu, najua mwanao anasoma humu, atakuonyesha. Mvua ijayo nitakuwa nimesimama mtaroni. Toka na ndoo yako tukutane.