Kumbe viazi navyo vina siku yao?? Nani anazipanga hizi siku

MamaZege_Sinza
Habari zenu wakuu. Mi nakaanga chipsi hapa mtaani mwaka wa sita sasa, leo kaja mteja mmoja kijana wa chuo ananiambia mama leo tarehe 30 Mei ni siku ya viazi duniani kwa hiyo nimpe zege (chipsi mayai) bure 😂 nikamwambia toka hapa, kwangu mimi siku ya viazi ni kila siku. Akanionyesha kwenye simu, kweli ipo!! Sasa naomba kuelimishwa, hizi siku za vyakula anazipanga nani? Maana kuna siku ya chai, siku ya maziwa, siku ya donati sijui, nyingine naona kama ni wafanyabiashara tu wanatafuta wateja. Na kwa nini kiazi, kwa nini isiwe muhogo? Alafu swali la kizushi, kwa vile kinaitwa kiazi ulaya ina maana kwao ni ulaya au?

mkulima_uporoto
Shikamoo mama. Huyo kijana tapeli ila tarehe kapatia 😂 Siku ya kiazi ni ya Umoja wa Mataifa kabisa, Peru ndo walipeleka hoja, Baraza Kuu likapitisha Desemba 2023, ikaadhimishwa mara ya kwanza 2024. Na kabla ya hapo mwaka 2008 wote ulishatangazwa mwaka wa kiazi. Chai nayo ni tarehe 21 Mei, ni hao hao UN.

Kwa nini Peru? Kwa sababu huko ndo kwao na kiazi, sio ulaya wala nini. Watu wa milima ya Andes, Peru na Bolivia, wamekilima maelfu ya miaka mzungu hajawahi hata kukiona, na wana aina zaidi ya 4,000, vyeusi, vya zambarau, vingine vimejikunja utadhani tangawizi. Mimi kinachonimaliza ni wanavyokausha, usiku wanavitandaza nje baridi ivigandishe, mchana jua likiyeyusha wanavikanyaga kwa miguu maji yatoke, usiku tena nje, hivyo hivyo siku kadhaa mpaka vinakuwa vyepesi kama kizibo, wanaita chuño, na ukiviweka ghalani unavikuta miaka baadae viko vile vile. Mimi hapa viazi vyangu vikikaa store mwezi vimeshachipua. Wahispania ndo wakavibeba karne ya 16 kupeleka kwao, sisi vikatufikia mwishoni mwa karne ya 19 na wamisionari na walowezi, tukavipa jina la aliyevibeba.

kitumbua_cha_forodhani
Nyie wabara hangaikeni na ulaya yenu, sie huku tunasema mbatata na wala hatuna shida 😄 Urojo bila mbatata si urojo. Ila na sie jina tumeazima, Mreno ndo anaita batata, na huyo Mreno nae hakulitunga, neno limetoka visiwa vya Karibi na watu wa kule walikuwa wakilitumia kwa kile nyie mnachokiita kiazi kitamu! Kwa hivyo jina ni la kiazi kingine, limepita kwa Mreno, likatua kwenye bakuli la urojo.

Muhogo ulioulizia mama nao umetoka huko huko, Brazil, tena kwa Mreno huyo huyo. Mahindi asili yake Mexico ila sie tukayaita kama vile yametoka kwa Wahindi. Kwa majina ya vyakula hatujapatia hata kimoja wallahi.

chipo_mwitu254
@kitumbua hata hapa Kenya hatujapatia, kwenye makaratasi ya serikali eti ni viazi vya Ireland, na mtaani ni waru tu. Tena Ireland ndio mahali kiazi kiliua watu. 1845 ugonjwa uliingia mashambani, viazi vikaoza ardhini, mpaka 1852 karibu watu milioni moja walikuwa wamekufa na wengine milioni na zaidi wamepanda meli kuhama. Shida moja ni maskini wengi walikuwa wanategemea aina moja tu, Lumper, na kiazi unapanda kwa kiazi so kimoja kikishindwa na ugonjwa vyote vinashindwa. Alafu angalia sisi Nyandarua kila mtu ni Shangi, Shangi, Shangi. Na ugonjwa ni ule ule hatujauzika bado, bakajani chelewa, mvua ikizidi wiki moja tu unaona majani yameungua.

Mwl_Mstaafu_Moshi
Marahaba @mkulima, najua hukunisalimia mimi ila naipokea.

MamaZege mwanangu, zile ulizozitilia shaka una haki ya kuzitilia shaka. Ila ya donati si ya wafanyabiashara, ni Jeshi la Wokovu waliianzisha Chicago 1938, Ijumaa ya kwanza ya Juni, kuwakumbuka akina mama wao waliowakaangia donati askari wa Kimarekani kule Ufaransa 1917, vita ya kwanza, na wakati huo huo wapate hela za kusaidia maskini. Wenye maduka wameidandia baadae. Ukitaka biashara tupu nenda Japani, kula kuku wa KFC Krismasi kumetokana na tangazo la 1974 na mpaka leo watu wanaweka oda mapema.

Sasa mkiongelea kiazi msimsahau Parmentier. Huyu alikuwa mfamasia wa jeshi la Ufaransa, akatekwa na Waprusi, Wajerumani wa enzi hizo, kwenye ile vita ya miaka saba, gerezani akawa analishwa viazi. Kwao Ufaransa wakati huo kiazi ni cha nguruwe, wengine wakiamini kinaleta ukoma. Yeye akatoka mzima! Akarudi akaanza kukipigia debe, 1772 madaktari wa Paris wakakubali kuwa kinalika, ila watu bado hawataki. Mfalme Louis XVI akampa shamba pale Sablons nje ya mji na inasimuliwa kwamba akaweka askari walinde mchana, usiku wanaondoka makusudi. Watu wakaona kinacholindwa na askari lazima kina thamani, wakaja kuiba, na ndivyo alivyotaka. Na Prussia kwenyewe viazi vilishika kwa sababu mfalme Frederick alitoa amri 1756 vilimwe, hakubembeleza mtu.

Hadi leo ukienda kaburini kwa Parmentier Paris, au kwa Frederick pale Potsdam, unakuta watu wameweka viazi badala ya maua.

MamaZege_Sinza
Viazi juu ya kaburi!! Kwa bei hii ya gunia? hapa visingelala 😂😂 Asanteni sana, mwalimu shikamoo. Hiyo ya askari nimeipenda, kesho naweka kijana alinde kabati langu la chipsi nione.

@mkulima nakuja inbox unipe bei ya gunia ila naomba lisiwe lile la kupimia kwa macho. Wiki jana nimeuziwa gunia limeshonwa vizuri, juu viazi vikubwa kama ngumi, kufika katikati ni vile vya kutupia kuku. Na yule kijana nilimpa vijiti vinne na kachumbari, nikamwambia siku yenyewe ndo hiyo.

mkulima_uporoto
Karibu mama. Hata lumbesa, lile gunia la kujaza kupita kipimo, nitakushonea ukitaka, ila ukikamatwa hunijui.