Nampeleka mama Lisbon mwezi wa kumi na magoti yanamsumbua, tuanzie wapi?

Binti wa Kusini
Wadau, habari za jioni. Kaka yangu anasoma Ureno na ametualika. Mama ni mwalimu mstaafu wa historia. Miaka yote amewafundisha watoto wa watu habari za Wareno, sasa anataka kuuona mji ambako msafara wa Vasco da Gama uling'oa nanga mwaka 1497. Shida ni magoti, na nasikia Lisbon ni vilima vitupu. Tuna siku chache tu. Kipi tusikikose, na kipi tukiache?

Mzee wa Viza
Dada, shika viza kwanza. Ombeni ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kupitia Ureno, maana ndiko mnakoenda. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi. Mama aambatishe uthibitisho wa pensheni, si taarifa ya benki peke yake.

Mkaazi wa Amadora
Shikamoo kwa mama. Vilima ni kweli, na mawe ya njiani yakilowa yanateleza vibaya, kwa hiyo viatu viwe na soli ya kushika. Alfama, mtaa wa zamani ulionusurika kwa sehemu kubwa na tetemeko la Novemba 1, 1755, ni ngazi tupu. Mama autazame kutoka juu inatosha. Baixa, mtaa wa katikati ya mji, ni tambarare, kwa kuwa ilijengwa upya baada ya tetemeko kwa mitaa iliyonyooka. Belém nako ni tambarare, kandokando ya mto Tejo. Tramu namba 28 inayosifiwa na kila mtu iacheni: inajaa mno, na wachomoaji wanaijua kuliko watalii. Pandeni namba 15 hadi Belém. Pale kwenye kanisa la monasteri ya Jerónimos ndipo lilipo kaburi la da Gama.

Mswahili Mtafiti
Kaburi sawa, lakini nakusihi dada, usimrudishe mama nyumbani bila kumfikisha Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale. Kuna monstransi ya dhahabu, ile ya kuwekea Ekaristi, inaitwa Custódia de Belém. Ilikamilika 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza, na dhahabu yake ni ya Kilwa. Da Gama alipopita tena pwani yetu mwaka 1502 alikuja na manowari zenye mizinga, akamlazimisha sultani wa Kilwa kulipa kodi. Dhahabu hiyo ilitoka bara, ikapitia Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, na biashara yake ndiyo iliyojenga Husuni Kubwa, ikulu ya masultani wa Kilwa. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akaja na majeshi, mji wa Kilwa ukaporwa. Mwalimu wa historia atasimama pale akione kwa macho yake kile alichokuwa akikiandika ubaoni. Kwangu mimi hicho peke yake kinatosha nauli.

Mwana Malindi
Naunga mkono. Sisi nguzo ya da Gama tunayo hapa hapa Malindi, watalii wanaipiga picha kila siku. Kaburi lake mimi nisingelipangia nusu siku.

Binti wa Kusini
Mswahili Mtafiti, nimemsomea mama ujumbe wako, akanyamaza, kisha akaniambia nisome tena. Tunakwenda. Kuna mwendo mrefu wa miguu? Na chakula cha halali kinapatikana?

Mkaazi wa Amadora
Basi namba 714 kutoka Praça da Figueira linapita mtaa wa makumbusho, Rua das Janelas Verdes, kisha linaendelea Belém. Siku moja mnamaliza vyote viwili bila kupanda kilima kwa miguu. Msipange Jumatatu, makumbusho hufungwa, na Jerónimos pia. Halali tafuteni Martim Moniz, migahawa ya Wabangladeshi iko mingi. Mkitaka kuswali, msikiti mkuu uko karibu na Praça de Espanha.