Ulinganisho: Hardhat, Foundry, Tenderly au roboti wa akili mnemba katika kusoma hitilafu za mikataba mahiri

Mshona_Msimbo
Wanajukwaa, naomba tulinganishe zana zinazomsaidia mtayarishaji programu kuelewa ujumbe wa hitilafu wa Ethereum. Nina mkataba mahiri (programu inayoendeshwa kwenye Ethereum) wa sarafu nilioujenga juu ya OpenZeppelin toleo la 5, maktaba ya mikataba iliyo tayari, na umewekwa kwenye mtandao wa majaribio wa Sepolia. Kila ninapojaribu kuhamisha sarafu 5 kupitia ukurasa wangu wa wavuti, ethers, maktaba ya JavaScript inayounganisha ukurasa huo na Ethereum, hunijibu "unknown custom error" na kunitupia mfululizo mrefu wa heksadesimali (namba za msingi wa 16) unaoanza na 0xe450d38c. Kwa hitilafu ya namna hii, nianze na zana ipi?

Fundi_Terminali
Ndugu, tuanze na kilichomo ndani ya mfululizo huo, maana ndicho kinachoamua zana. Tangu toleo la 0.8.4 la mwaka 2021 la Solidity, lugha ya kuandikia mikataba hii, mwandishi wa mkataba anaweza kutangaza hitilafu zake mwenyewe badala ya kuandika sentensi zinazokula gesi, yaani ada ya kuendesha msimbo. Kinachorudi si jina la hitilafu, bali ni baiti 4 za mwanzo za heshi ya keccak256 (alama ya kihesabu) ya jina hilo na aina za vigezo vyake, zikifuatwa na vigezo vyenyewe, ambavyo kwako kila kimoja kimechukua baiti 32. Baiti zako ni za ERC20InsufficientBalance, yaani salio halitoshi, na nyuma yake kuna anwani ya mtumaji, salio alilonalo na kiasi kilichotakiwa. Ethers imeshindwa kuzitambua kwa sababu ABI uliyoipa, yaani orodha ya kazi na hitilafu za mkataba, haina tangazo la hitilafu hiyo, na nadhani ulinakili ile fupi yenye transfer na balanceOf tu.

Mimi ningechukua Foundry, kifurushi cha zana za terminali ambamo cast ni mojawapo. Iandikie amri ya cast decode-error pamoja na saini ERC20InsufficientBalance(address,uint256,uint256) na mfululizo wako, nayo itakupa vigezo vyote vitatu papo hapo, bila akaunti ya mahali popote.

Dada_Hardhat
Kaka Fundi, hilo ni sahihi kwa anayejua tayari saini ya hitilafu, lakini mgeni wa kazi hii haijui. Hardhat ikiendesha mtandao wake wa ndani ya kompyuta hukuonyesha faili na mstari wa Solidity uliokataa, na unaweza kuweka console.log katikati ya mkataba ukaona thamani zinavyobadilika. Kwa anayeandika majaribio yake kwa JavaScript, sioni sababu ya kuanza kwingine. Udhaifu wake ni kwamba mstari huo utauona pale tu ulipo na msimbo asilia. Ukiita mkataba wa watu wengine usio na chanzo, utabaki na heksadesimali zilezile.

Mkaguzi_Pwani
Kuna jambo ambalo bado halijaguswa. Ethers hukadiria gesi kabla ya kutuma muamala, na makadirio yakishindwa, muamala hautumwi kabisa. Kwa hiyo ndugu yetu hana heshi ya muamala (namba ya kuutambulisha), na zana yoyote inayodai heshi, ikiwemo cast run, haimfai kwa sasa. Kinachomfaa ni uigaji: cast call yenye chaguo la --trace, au Tenderly, ambayo huiga wito huo kwenye kivinjari na kuchora mlolongo wote wa wito kati ya mikataba. Tenderly inahitaji akaunti, na husomeka vizuri pale chanzo cha mkataba kilipothibitishwa, lakini kwa mkataba unaopita kwenye proksi (mkataba unaopitisha wito kwa mwingine), ambapo hitilafu huzaliwa ngazi tatu chini ya ulipoita, naiweka mbele ya nyingine zote.

Mwanafunzi_UD
Je, roboti wa akili mnemba hana nafasi hapa?

Mkaguzi_Pwani
Anayo, kwa hitilafu za kompaila, programu inayotafsiri msimbo wa Solidity. Ukipata "Stack too deep", atakueleza kwamba mashine ya Ethereum hufikia nafasi 16 za juu tu za rafu (mahali pa muda pa kuweka thamani), na kwamba unaweza kukusanya vigezo ndani ya struct (kifungu kimoja cha data) au kuwasha viaIR, njia mbadala ya kompaila. Vilevile misimbo ya Panic, yaani namba za hitilafu zilizojengwa ndani ya Solidity, anaifahamu: 0x11 ni hesabu iliyopita kiwango, 0x12 ni kugawa kwa sifuri, 0x32 ni faharasa iliyo nje ya safu. Hitilafu inayotokana na hali ya mkataba ni habari nyingine, kwa sababu haoni salio la mtu wala aliyeita. Atakisia, tena kwa lugha ya kujiamini. Na usimbandikie faili lako la mipangilio la .env lenye ufunguo wa siri, hata akikuomba.

Mshona_Msimbo
Nashukuru. Nimetumia cast decode-error: salio ni 5000000, kiasi kilichotakiwa ni 5000000000000000000.

Dada_Hardhat
Basi sarafu yako ina desimali 6, na ukurasa wako unatumia parseEther, ambayo huchukulia kwamba sarafu ina desimali 18. Weka parseUnits yenye 6, kisha ongeza tangazo la hitilafu kwenye ABI ili safari ijayo ethers ikutajie jina yenyewe.