Naombeni ushauri: msimamizi wangu wa PhD hana nafasi, wa pili hakubaliani naye, na vuli inakaribia

Mwanaudongo:
Wakuu habarini. Nasoma PhD ya sayansi ya udongo, mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Tanzania. Msimamizi wangu mkuu ni profesa ninayemheshimu mno, na kwenye mambo ya fosforasi na mahindi sijaona wa kumfikia. Ila ndiye mkuu wa idara, ana miradi, kila siku vikao. Pendekezo langu la utafiti liko mezani kwake tangu Mei. Nikipita ofisini ananiambia "nitalisoma, kijana wangu", nami naaga kwa adabu natoka. Msimamizi wa pili alishalisoma, lakini anataka niongeze dodoso kwa wakulima, jambo ambalo profesa alilikataa kwa mdomo.

Shamba la majaribio liko Kilosa. Vuli ikianza Oktoba kabla pendekezo halijapita kwenye kamati, sipandi, na hapo ni kusubiri masika ya Machi. Mtu mzima kama huyu namwambiaje bila kuonekana namsukuma?

Kifimbo:
Badilisha msimamizi, mkuu. Maisha mafupi.

Dada Mtafiti:
Hapana, kubadilisha ni hatua ya mwisho kabisa, na mtu anayekuita "kijana wangu" hajakutupa. Mdogo wangu, pendekezo zima halisomeki katikati ya vikao. Chomoa kurasa mbili tu: swali la utafiti na mchoro wa ploti zako, yaani vile vipande vya shamba la majaribio. Kisha mwandikie hivi:

"Shikamoo Profesa. Naomba uamuzi wako kwenye mambo mawili: viwango vya mbolea viwe vitatu au vinne, na dodoso liwepo au lisiwepo. Nikikosa vuli, nitapanda Machi. Naomba dakika ishirini Alhamisi saa nne."

Hapo hujamsukuma. Umempa kitu anachoweza kukijibu hata akiwa safarini. Mkishaonana, siku hiyohiyo mtumie mistari michache ya mlichokubaliana, umalizie na "kama sikukuelewa vizuri naomba unirekebishe". Mimi ujumbe wa namna hiyo uliniokoa pale maelekezo yalipobadilika katikati ya uchambuzi wa takwimu. Hatukubishana, tulirudi kwenye maandishi.

Binti Makorora:
Na umpitie katibu muhtasi wake. Ratiba halisi ya profesa anayo yule mama. Msalimie vizuri, mweleze shida yako.

Mzee wa Maabara:
Nasimamia wanafunzi wa uzamivu, acha niseme upande wetu. Mwanafunzi akikaa kimya najua mambo yake yanaenda. Anayekuja na tarehe na swali ndiye ninayemshughulikia kwanza, wala simwoni mkosefu wa heshima.

Ninaloliogopa kwako ni hilo la wasimamizi wawili. Usibebe maneno ya huyu kumpelekea yule, hata kidogo. Waombe mkae wote watatu, hoja zao wazijibizane wenyewe. Halafu dodoso si karatasi tu: linataka kibali cha maadili, wadadisi wa kuwahoji wakulima, posho, nauli. Piga hesabu uje nayo. Huenda wakakubaliana ploti zianze vuli hii na dodoso lifuate msimu mwingine.

Msomi wa Eldoret:
Naongezea la huku Kenya. Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa 2014 ulimtaka mwanafunzi wa PhD awe na makala mbili kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu. Basi urafiki mwingi na wasimamizi huvunjikia kwenye majina ya waandishi wa makala: nani wa kwanza, nani wa mwisho, nani hayumo. Hata kama chuo chenu kina utaratibu wake, yazungumzeni kabla hujachota udongo wa kwanza, na yaandikwe.

Mwanaudongo:
Asanteni sana, nimepata nguvu. Katibu muhtasi amenipangia Alhamisi saa nne, na msimamizi wa pili amekubali kuja. Mzee wa Maabara, swali moja: suala la dodoso nililete mezani mimi, au nimwachie aliyelipendekeza?

Mzee wa Maabara:
Lilete wewe, pamoja na bajeti yake. Kisha mwachie mwenyewe alitetee.